Maswali ya Wasomaji: Saa Moja Iliyowaponza Watekaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji waitafute na kuitazama sehemu moja ya tamthilia ya kijasusi ya Uingereza, "The Prisoner", ambayo huku kwetu Kongo wengi wanaifahamu kwa jina lake la Kifaransa, "Le Prisonnier". Sehemu yenyewe ni ya pili, "The Chimes of Big Ben", na ilirushwa hewani kwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba 1967. Kwa wale wasioikumbuka: jasusi wa London anajiuzulu kwa hasira, anapuliziwa moshi wa usingizi nyumbani kwake, na anapozinduka anajikuta katika Kijiji kizuri kisichojulikana kiliko, ambako kila mkazi ana namba badala ya jina. Yeye ni Namba Sita. Msimamizi wa Kijiji huitwa Namba Mbili, naye hubadilishwa mara kwa mara, lakini swali wanalorithishana wasimamizi hao ni lile lile: kwa nini ulijiuzulu? Katika sehemu hii Namba Sita analetewa jirani mpya, mwanamke aitwaye Nadia; wanatoroka pamoja kwa mashua, wanasafirishwa ndani ya kasha la mbao hadi London, na humo, katika ofisi ya wakubwa wake wa zamani, anatambua kwamba bado yuko Kijijini.

Mwisho nimeutaja kwa kusudi. Sehemu hii haiharibiki kwa kujulikana mwisho wake, na barua zilizofika ofisini kwetu Lubumbashi haziwezi kujibiwa bila kuugusa.

*

"Papa Mhariri, niliitazama tamthilia uliyoisifu pamoja na wenzangu wa chuo, na kusema kweli nusu ya kwanza ilitushinda. Hatukuona bastola wala magari yakifukuzana; tuliona mzee akicheza sataranji na mtu mzima akichonga gogo. Kwa nini tuiite kazi hii ya kijasusi, na kwa nini tuiite bora?" — Mwanafunzi, komini ya Kamalondo, Lubumbashi

Mwanangu, gogo hilo ndilo tamthilia yenyewe. Nakusihi urudi ulitazame tena, safari hii ukijua litakuwa nini.

Kijiji kinatangaza mashindano ya sanaa na kazi za mikono. Namba Sita, ambaye tangu sehemu ya kwanza amekataa kushiriki jambo lolote la pale, anakubali kushiriki, na Namba Mbili anafurahi kama mzazi aliyemwona mtoto wake mkaidi akishika daftari kwa hiari yake. Mbele ya kamera zinazomfuata usiku na mchana, Namba Sita anachonga mti kwa vifaa alivyojitengenezea mwenyewe, na taratibu anatokeza vipande vikubwa vya ajabu ambavyo havifanani na mtu wala mnyama. Siku ya maonyesho, kila mkazi ameleta sura ya Namba Mbili: kuna picha za rangi, kuna sanamu, hata mzee yule wa sataranji ameleta kete zenye sura ya bwana mkubwa. Namba Sita peke yake ameleta kitu kisicho na uso. Waamuzi wanamwuliza maana yake. Anawajibu kwa maneno mazito yasiyosema kitu, nao, kwa kuogopa kuonekana hawakuelewa, wanampa zawadi ya kwanza. Zawadi hiyo anaitumia kununua kitambaa kizito cha kutundika ukutani kilichofumwa na bibi mmoja wa pale. Usiku vile vipande vinaunganishwa na kuwa mashua, na kitambaa cha bibi kinakuwa tanga.

Utaniuliza ujasusi uko wapi. Uko katika jina la ile sanamu: Namba Sita aliipa jina la "Kutoroka", akalitamka mbele ya kamati nzima, na hakuna aliyeshtuka. Kuficha kitu mahali ambapo kila mtu anakitazama ndiyo kazi aliyofundishwa mtu huyu maisha yake yote, na bastola moja tu ingetosha kuiharibu picha hiyo, kwa sababu mwenye bastola hahitaji kufikiri kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mara ya pili, hata hivyo, usimtazame mchongaji. Mtazame Namba Mbili. Mwigizaji ni Leo McKern, Mwaustralia mwenye kicheko kinachojaza chumba, na ukishajua kwamba Nadia ni mtu wake tangu mwanzo, kila kicheko kinabadilika ladha. Anamsifia mchongaji, anamtania, anampa nafasi. Mara ya kwanza tulidhani ni mjinga aliyefurahishwa na mfungwa wake kulegea. Mara ya pili tunaona mtu anayemwachia samaki kamba iendelee kufunguka. Wawili hao wanapenda akili ya mwenzake, na wanazungumza kwa adabu ambayo ni ya hatari kuliko matusi. Dakika zinazochosha zipo, nakubaliana nawe: mazungumzo ya Namba Sita na Nadia kabla ya kutoroka yamerefushwa kupita haja. Ila yale ya gogo, hapana.

*

"Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema mwisho ni ujanja wa mwandishi aliyekosa njia ya kumaliza, kwa sababu saa ya mkononi inatokea ghafla na kufumbua kila kitu. Kundi jingine linasema tulionyeshwa yote, tukapuuza. Mimi ninafundisha jiografia, na swali langu ni tofauti: je, tofauti ya saa moja kati ya Poland na Uingereza, ambayo hadithi nzima imetundikwa juu yake, ni ya kweli?" — Mwalimu wa sekondari, komini ya Kadutu, Bukavu

Mwalimu, nianze na wanafunzi wako, kisha nije kwenye jiografia, kwa maana jiografia hiyo ina utata utakaokufurahisha.

Saa ya mkononi haitokei ghafla. Nadia amemwambia Namba Sita kwamba Kijiji kiko Lithuania, karibu na mpaka wa Poland. Wanapofika ufuoni wakiwa wameloa, wanapokelewa na mtu wa Nadia, na ni huyo anayempa Namba Sita saa yake kabla hawajaingia ndani ya kasha. Kamera haikulificha tendo hilo. Haikukawia juu yake tu. Tunaona mtu mwangalifu akichukua tahadhari ya kawaida, na tunasahau mara moja, kwa sababu akili zetu ziko kwenye kasha na safari: barabara, kisha meli hadi Copenhagen, kisha ndege hadi London. Kasha linafunguliwa ofisini. Nyuso anazifahamu, na nje kunasikika kelele za magari ya jiji. Kundi la pili la wanafunzi wako, basi, lina haki: mwandishi wa sehemu hii, Vincent Tilsley, alilipa deni lake mapema.

Sasa tuingie ofisini humo taratibu. Mkubwa wake, ambaye anaitwa Kanali, hampokei kwa kumbatio. Anamshuku. Mtu anajiuzulu, anatoweka, anarudi na hekaya ya kijiji cha namba: nani angeisadiki? Ukali huo ni ustadi mkubwa wa watunzi, kwa sababu mapokezi matamu yangemshtua Namba Sita, na yangetushtua na sisi. Ni baada ya kubishana sana ndipo Kanali anapouliza swali lake, kwa sauti ya mtu mwenye haki ya kuuliza: kwa nini ulijiuzulu? Namba Sita anasita, anajali kwanza usalama wa Nadia, kisha anaanza kujibu. Anasema alijiuzulu kwa sababu kwa muda mrefu sana… na hapo Big Ben inaanza kugonga. Sentensi haimaliziki. Anautazama mkono wake. Saa aliyopewa na mtu wa Poland inaonyesha wakati ule ule unaogongwa na kengele ya London.

Angalia afanyavyo baada ya hapo. Hapigi mtu. Anauliza kwa utaratibu, karibu kwa upole, inakuwaje saa iliyotoka Poland isipishane na Big Ben hata kwa dakika. Hakuna mwenye jibu. Anafuata waya, anauchomoa, na kelele zote za London zinakatika papo hapo, kwa maana zilikuwa kwenye kinasa sauti kilichofichwa. Anafungua mlango, anatoka, na mbele yake ni nyumba zile zile za rangi na njia zile zile za Kijiji.

Maoni yangu, ambayo wanafunzi wako wako huru kuyapinga, ni kwamba saa ya mkononi ni ushahidi wa pili tu. Wa kwanza ni swali la Kanali. Kila Namba Mbili amemwuliza jambo hilo moja, na sasa mkubwa wake mpendwa analiuliza neno kwa neno, kwa haraka ile ile. Ofisi ya kijasusi iliyorudishiwa mtu wake kutoka gerezani ingeshikilia zaidi habari za gereza lenyewe. Nadhani Namba Sita aliisikia kasoro hiyo moyoni kabla hajaiona mkononi, na ndiyo sababu macho yake yalikimbilia saa upesi namna ile.

Tuje kwenye jiografia. Sisi wa mashariki na kusini ya Kongo hatuhitaji kufundishwa hoja hii. Lubumbashi, Bukavu na Goma ziko saa moja mbele ya Kinshasa, na msafiri anayepanda ndege pale Luano kwenda Kinshasa anairudisha saa yake nyuma bila kufikiri. Anayevuka Bunagana kuingia Uganda, au anayetoka Kalemie kwa meli hadi Kigoma, anaisogeza mbele. Mtu akikuambia ametoka Kinshasa sasa hivi, nawe ukaona saa yake inalingana sawasawa na ya ukutani mwako Kadutu, utamwuliza aliisogeza lini. Namba Sita alifanya hesabu hiyo hiyo: Poland hufuata saa ya Ulaya ya kati, ambayo iko saa moja mbele ya Greenwich, yaani saa ya kawaida ya Uingereza.

Utata ni huu. Uingereza huzisogeza saa zake mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi, ilhali Poland katika miaka hiyo ilikuwa imeacha desturi hiyo. Kwa hiyo kuanzia majira ya kuchipua hadi mwishoni mwa Oktoba 1967, saa za nchi hizo mbili zililingana kabisa, na tarehe sehemu hii iliporushwa hewani, saa iliyotoka Poland ingelingana na Big Ben bila hila yoyote! Kuna zaidi. Kuanzia Februari 1968, mwezi ule ule tamthilia ilipofikia sehemu yake ya mwisho, Uingereza ilizisogeza saa zake mbele na haikuzirudisha hadi Oktoba 1971. Ushahidi wa Namba Sita unasimama wakati wa baridi tu, na baada ya baridi ya 1967 ungelala miaka kadhaa.

Je, hilo linaiangusha hadithi? Kwangu haliiangushi, kwa sababu hadithi haitaji msimu, na kwa sababu Namba Sita hakutosheka na saa, aliufuata waya. Lakini liulize darasani. Waulize pia saa ile ilikuwa ya nani hasa. Kama ilionyesha wakati wa London, basi mwenyewe alikuwa akiishi kwa wakati wa London, nayo si dalili ya mtu anayefanya kazi kwenye ufuo wa Baltiki. Watekaji waliandaa ofisi, kasha, harufu ya safari na sura za marafiki wa zamani, wasimkumbuke mtu mmoja mdogo aliyefanya kazi yake akiwa amevaa saa yake ya kila siku. Wamemla ng'ombe mzima, wakashindwa mkia.

Neno moja juu ya kengele, kwa kuwa baadhi ya barua zimeiuliza. Big Ben ni jina la kengele kubwa inayogonga saa katika mnara wa Bunge la Westminster. Ule wimbo mfupi unaoitangulia hupigwa na kengele nne ndogo. BBC imekuwa ikiurusha mlio huo redioni tangu usiku wa kuamkia mwaka wa 1924, na wazee wetu waliokaa karibu na redio ya mawimbi mafupi wakitafuta habari za London wanaufahamu pasipo kuwahi kuuona mnara. Ndiyo sababu uchaguzi wa Namba Mbili ulikuwa wa akili na wa hatari kwa pamoja: sauti inayomwambia Mwingereza "uko nyumbani" kuliko zote ni sauti ambayo dunia nzima imezoea kuisikia kutoka ndani ya sanduku la redio.

*

"Bwana Mhariri, mimi na mabinti zangu tumebishana usiku kucha juu ya Nadia. Walimwita msaliti. Mimi nilimwonea huruma, hasa pale hospitalini. Je, alikuwa mtu wao tangu mwanzo, au walimvunja kwanza, naye akakubali kutumika?" — Mama wa mtaa wa Himbi, Goma

Mama, tamthilia inakupa jibu la nusu moja, na nusu nyingine inakuachia wewe na mabinti.

Nusu ya kwanza haina shaka: mwishoni tunamwona Nadia amesimama kando ya Namba Mbili kama mfanyakazi aliyemaliza zamu. Kuletwa kwake kwa helikopta akiwa amezimia, kuamka kwake katika nyumba ya jirani kwa mshangao ule ule alioamka nao Namba Sita siku yake ya kwanza, jaribio lake la kuogelea hadi baharini ambako puto kubwa jeupe, mlinzi wa Kijiji, linamkamata na kumrudisha: yote yalikuwa mpango. Hata Namba Sita hakumwamini mwanzoni. Alimjibu kwa mkato, akimdhania kuwa mtego, na alikuwa sahihi.

Kilichomgeuza ni hospitali. Namba Mbili anamwita aangalie Nadia akihojiwa katika chumba chenye sakafu ya umeme, na Namba Sita anashindwa kuvumilia. Anatoa ahadi: mwacheni, nami nitashiriki katika maisha ya Kijiji. Mabinti zako walimtazama Nadia wakati huo. Ningependa wamtazame Namba Mbili. Amekaa wiki nyingi akitafuta ufa katika mtu huyu, ametumia vitisho na utani, na sasa ufa ameuona: mtu huyu hawezi kukaa kimya mwingine akiumizwa. Kuanzia hapo huruma yake ndiyo inayomwongoza hadi kwenye kasha, na ni kwa ajili ya usalama wa Nadia, kati ya mambo mengine, kwamba anakaribia kuitoa siri yake mbele ya Kanali.

Kama maumivu ya hospitalini yalikuwa ya kweli au ya kuigiza, hatuambiwi. Mimi ninaelekea upande wako. Mwigizaji Nadia Gray hakumcheza kama mwanamke anayefurahia hila. Uso wake mwishoni umefungwa, hauna ushindi. Yeye mwenyewe alizaliwa Romania na akaihama mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya wakomunisti kushika utawala, kwa hiyo mwanamke wa Ulaya ya Mashariki anayetafuta njia ya kutokea hakuwa mgeni kwake. Ila kumwonea huruma hakumwondolei kazi aliyoifanya, na hapo mabinti zako wana haki yao.

*

"Ndugu Mhariri, kile Kijiji kilijengwa studioni, au kipo?" — Msomaji wa Likasi

Kipo. Ni Portmeirion, kaskazini ya Wales, mahali palipobuniwa na msanifu majengo Clough Williams-Ellis kuanzia mwaka wa 1925, akaendelea kupajenga na kupapamba kwa takriban nusu karne, akichanganya mitindo ya Italia na mabaki ya majengo aliyoyaokoa kwingine. Ni hoteli, na watalii wanaruhusiwa kuingia. Patrick McGoohan, aliyecheza Namba Sita na ambaye ndiye nguvu kuu nyuma ya tamthilia, alipafahamu kwa kuwa baadhi ya matukio ya "Danger Man", tamthilia yake ya awali, yalipigwa picha pale. Jina la mahali halikutajwa kwa watazamaji hadi sehemu ya mwisho kabisa. Vyumba vya ndani, pamoja na ile ofisi ya London, vilikuwa studioni Borehamwood, karibu na London, jambo ambalo lina kichekesho chake: London ya uongo iliyotengenezwa Kijijini ilipigwa picha hatua chache kutoka London ya kweli.

*

"Mhariri, nimeitazama hadi mwisho na bado sijui Kijiji ni cha nani. Ni cha Warusi, au Waingereza wenyewe wanawafunga watu wao? Kwa nini hawasemi waziwazi?" — Fundi mitambo, Kolwezi

Fundi, sehemu hii inasema zaidi ya unavyodhani, ila inasema mara mbili, katika sehemu mbili zilizo mbali, na wewe ndiwe unayetakiwa kuziunganisha.

Mara ya kwanza ni katika mazungumzo ya Namba Mbili na Namba Sita, mapema. Namba Sita anamkabili kwa swali lako hilo hilo: upande gani? Namba Mbili hakasiriki. Anaeleza kwamba haijalishi, kwa kuwa pande zote mbili zinazidi kufanana, na siku zitakapotambua kwamba kila mmoja anajitazama kwenye kioo, zitaona kuwa Kijiji ndicho kielelezo cha dunia ijayo. Anatamani dunia nzima iwe Kijiji. Namba Sita anamjibu kwamba yeye angependa kuwa mtu wa kwanza kufika mwezini. Watazamaji wa Oktoba 1967 walicheka, maana mwezi ulikuwa bado ni ndoto, na Armstrong alikanyaga pale Julai 1969. Leo jibu hilo linasikika kama mzaha wa kawaida, ilhali wakati ule lilikuwa na maana kwamba mahali pa pekee pa kuikimbia dunia ya Namba Mbili ni nje ya dunia.

Hapa ningependa mtu wa Katanga asikilize kwa makini. Tamthilia ilitungwa katikati ya vita baridi, wakati filamu nyingi za kijasusi zilimpa mtazamaji adui mwenye bendera inayojulikana. Wazazi wetu waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1960 waliuona mvutano huo ukiletwa mlangoni mwao, na kila upande ulidai kuja kwa ajili ya uhuru wao. Namba Mbili anaposema kuhusu kioo, nadhani msikilizaji wa Lubumbashi anamwelewa upesi kuliko wa Birmingham.

Mara ya pili ni mwishoni kabisa, na ni rahisi kuipitwa kwa sababu mtazamaji bado amepigwa na butwaa. Pamoja na Kanali ofisini alikuwapo mtu mwingine, Fotheringay, mfanyakazi mwenza wa zamani ambaye Namba Sita anamfahamu vema. Ilikuwa ni kwa sababu ya uso wake, zaidi ya samani, kwamba ofisi ile ilisadikika. Ungetarajia kuambiwa kwamba alikuwa mwigizaji aliyefananishwa naye. Haikuwa hivyo. Hila inapokwisha kufichuka, Namba Mbili anamwagiza Fotheringay arejee London haraka, kabla watu hawajaanza kuuliza maswali ya aibu.